Virginia 2020: Kaunti Zilipoigomea Richmond

Jumatatu ya tarehe 20 Januari 2020, wakazi wa Richmond, makao makuu ya jimbo la Virginia, waliamka na kukuta viwanja vya Bunge la jimbo vimezungushiwa uzio. Baridi ilikuwa ya kugandisha maji. Njia ya kuingia ilikuwa lango moja lenye mashine za kukagua vyuma, na aliyetaka kupita aliacha silaha nje. Mamlaka zilikadiria umati wa watu 22,000, waliokuja kupinga masharti mapya ya bunduki. Kama 6,000 walikubali kukaguliwa wakaingia. Wengine 16,000 hivi walibaki barabarani, na wengi wao walibaki kwa sababu hawakuwa tayari kutengana na bunduki zao hata kwa saa mbili.

Kwa hiyo uzio ule uliwagawa waandamanaji wenyewe: ndani wasio na kitu mkononi, nje wanaume waliovaa kijeshi, bunduki ndefu zimening'inia kifuani, na stika za duara za rangi ya chungwa makotini zenye maandishi kwamba bunduki huokoa maisha. Waliimba kwamba hawatatii. Kufika adhuhuri shughuli ikaisha, watu wakaokota taka walizoziacha, wakapanda magari na mabasi kurudi makwao. Haikufyatuliwa risasi hata moja. Aliyekamatwa siku ile alikuwa mtu mmoja, mwanamke wa miaka 21, kwa kosa la kuficha uso hadharani.

Picha za siku ile zilizunguka dunia nzima, na kwa maoni yangu zilikifunika kisa chenyewe. Kisa kilikuwa kimeshatokea wiki nyingi nyuma, katika kumbi ndogo za kaunti ambazo Mmarekani wa kawaida hajapata kuzisikia. Na bunduki zilikuwa nusu tu ya ugomvi. Nusu ya pili ilikuwa swali la kale katika jimbo lile: nani ana haki ya kumwamulia nani, na kutokea wapi?

Jimbo moja, pande mbili

Sensa ya 2020 iliikuta Virginia na watu milioni 8.6. Kaskazini, ng'ambo ya mto Potomac kutoka Washington, kuna Arlington, Fairfax, Loudoun na Prince William: watumishi wa serikali kuu, kampuni za zabuni za ulinzi, wahamiaji kutoka kila bara, foleni za magari. Fairfax peke yake ina watu zaidi ya milioni 1.1. Wenyeji huuita upande huo NoVa, na kwa mzaha wenye kisu ndani yake, jimbo lililobaki huitwa RoVa, yaani Virginia iliyosalia. Mnyororo wa miji unateremka hadi Richmond, kisha unapinda kuelekea baharini, Norfolk na Virginia Beach. Nje ya upinde huo kuna kusini ya tumbaku, ambako viwanda vya nguo vilifungwa kimoja baada ya kingine, na kusini magharibi ya milima na makaa ya mawe. Kaunti ya Highland, mpakani na West Virginia, ina watu kama 2,200. Wangeketi wote kwenye uwanja wa mpira wa sekondari moja ya Fairfax na nafasi ingebaki.

Chombo kile kile kina maana mbili katika sehemu hizi mbili. Mtu wa Fairfax akisikia neno bunduki anafikiria habari ya jioni, shule, duka kubwa la bidhaa. Akiwa na shida anapiga simu na polisi wanafika. Mtu wa Highland bunduki yake imeegemea nyuma ya mlango, aliiachiwa na babu, na msimu wa kulungu ukifika shule nzima inajua. Usiku akisikia kishindo uani, askari wa zamu huenda yuko upande wa pili wa mlima.

Kuna tofauti nyingine isiyosemwa sana. Mwaka 2019 bunduki ziliua watu 39,707 Marekani nzima. Kati yao 23,941 walijiua wenyewe, na waliouawa na wenzao walikuwa 14,414. Vifo vya kujiua vina uzito mkubwa zaidi vijijini, vile vya kuuana viko zaidi mijini. Msiba wa mjini una kamera na mishumaa. Wa kijijini unazikwa kimya kimya, na tangazo la kifo linasema marehemu alifariki ghafla nyumbani kwake. Mwanasiasa wa mjini anaposema "janga la bunduki", mkulima wa Tazewell, kaunti ya kusini magharibi, anaona anasomewa shida za watu wengine, ingawa huenda janga lilishapita kwenye ukoo wake. Sijaona upande wowote uliolijenga shauri lake juu ya hilo.

Kutoka Virginia Beach hadi sanduku la kura

Tarehe 31 Mei 2019, mfanyakazi wa halmashauri ya jiji la Virginia Beach aliwaua watu 12 katika jengo la ofisi za jiji. Gavana Ralph Northam, Mdemokrat, aliita kikao maalumu cha Bunge tarehe 9 Julai kujadili sheria za silaha. Warepublikan, waliokuwa na wingi mwembamba katika mabaraza yote mawili, wakakiahirisha baada ya kama dakika 90, hadi baada ya uchaguzi. Ukiniuliza ni dakika zipi zilizowagharimu zaidi mwaka ule, nitakuonyesha hizo.

Uchaguzi ulikuwa tarehe 5 Novemba. Wademokrat walichukua Seneti kwa viti 21 dhidi ya 19 na Baraza la Wajumbe kwa 55 dhidi ya 45, wakawa wameshika serikali yote ya jimbo kwa mara ya kwanza katika zaidi ya miaka 20. Ushindi ulitoka kwenye vitongoji vya miji. Chama cha wenye bunduki, NRA, chenye makao yake Fairfax, kilishindwa mlangoni pake. Everytown, kundi linalotaka masharti zaidi na linalofadhiliwa na bilionea Michael Bloomberg wa New York, lilitumia kama dola milioni 2.5 katika uchaguzi ule. Kwa mtu wa milimani hesabu ilikuwa nyepesi: pesa ya New York, kura za Washington, sheria juu ya kichwa changu.

Kisha likaja kosa la kisiasa. Hata kabla Bunge jipya halijaketi, seneta mkongwe Dick Saslaw wa Fairfax aliwasilisha mswada uitwao SB 16. Mswada huo haukuishia kuzuia uuzaji wa bunduki za mtindo wa kijeshi. Kama ulivyoandikwa, kuwa nayo tu kungekuwa jinai, hata kwa mtu aliyeinunua kihalali miaka kumi nyuma. Januari Saslaw aliuondoa mwenyewe. Lakini nakala zilikuwa zimeshasambaa kwenye simu za watu, na ukimwambia mtu kwamba karatasi aliyoisoma kwa macho yake haina maana tena, hakuamini.

Kaunti za kimbilio

Neno lenyewe waliliazima kwa kejeli. Kwa miaka mingi miji ya kiliberali ilijitangaza kuwa kimbilio la wahamiaji wasio na hati, kwa maana kwamba polisi wa mji hawatawafanyia kazi maafisa wa uhamiaji. Mwaka 2018 kaunti ya Effingham katika jimbo la Illinois ikaligeuza: kama wao wana kimbilio la wahamiaji, sisi tutakuwa kimbilio la Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale yanayolinda haki ya kumiliki na kubeba silaha. Baada ya Novemba 2019 Virginia ikawaka. Virginia ina kaunti 95 na miji 38 inayojitegemea. Januari ilipoanza, zaidi ya mamlaka 100, ukihesabu na miji midogo iliyo ndani ya kaunti, zilikuwa zimepitisha azimio la aina fulani.

Tuingie kwenye kikao kimoja, maana vingi vilifanana. Baraza la kaunti lina watu watano au saba, ambao kwa kawaida hujadili barabara, maji taka na bajeti ya shule mbele ya viti vitupu. Usiku ule maegesho yamejaa hadi kwenye nyasi. Ukumbi umefurika, watu wamesimama korido, wengine wako nje wanasikiliza kwa kipaza sauti. Stika za chungwa kila kifua. Mmoja mmoja anapewa dakika chache: mstaafu wa jeshi, mwenye duka, mama anayesema anaishi peke yake. Madiwani, ambao wengi wao ni majirani na wateja wa watu hao hao, wanapiga kura bila kupingwa, au mmoja anapinga na kutoka kwa mlango wa nyuma. Jengo linatetemeka kwa vifijo.

Maazimio yenyewe yalitofautiana kuliko vichwa vya habari vilivyodokeza. Mengine yalisema kaunti haitatumia fedha zake kutekeleza sheria inayovunja Katiba. Mengine yalieleza tu wasiwasi, kwa lugha iliyopimwa na mwanasheria wa kaunti. Tazewell ilikwenda mbali zaidi ikapitisha na azimio la kuunga mkono jeshi la mgambo. Sherifu wa kaunti ya Culpeper, yaani mkuu wa polisi wake, Scott Jenkins, alitangaza kwamba ikibidi ataapisha maelfu ya raia kuwa askari wake wasaidizi ili wabaki na bunduki zao. (Mwaka 2024 huyu Jenkins alitiwa hatiani na mahakama ya shirikisho kwa kupokea rushwa na kugawa beji za uaskari msaidizi kwa malipo, mwaka uliofuata Rais Trump akamsamehe. Naliweka mabanoni kwa sababu halithibitishi wala halikanushi hoja ya 2019, lakini ni vigumu kulipita.)

Je, kaunti inaweza kukataa?

Tarehe 20 Desemba 2019 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Mark Herring, alitoa maoni ya kisheria: maazimio hayana nguvu yoyote, na kaunti haina mamlaka ya kuchagua sheria ya kufuata. Msomaji wa Kenya asichanganye mambo hapa. Kaunti ya Virginia haina gavana wala mgao wa madaraka ulioandikwa katika Katiba kama ule wa Kenya wa 2010. Virginia inafuata kinachoitwa kanuni ya Dillon: kaunti ina madaraka yale tu iliyokabidhiwa na Bunge la jimbo. Iko karibu zaidi na halmashauri ya wilaya ya Tanzania kuliko na kaunti ya Nakuru.

Wapinzani walishika kesi ya Printz ya 1997, ambamo Mahakama Kuu ya Marekani ilisema serikali ya shirikisho haiwezi kuwalazimisha maafisa wa majimbo kuitekelezea sheria yake ya kukagua wanunuzi wa bastola. Kesi ile aliishinda sherifu, kwa hiyo ilivutia. Lakini inahusu Washington dhidi ya majimbo. Jimbo dhidi ya kaunti yake ni jambo jingine kabisa, maana kaunti ni kiungo cha jimbo.

Hata hivyo Herring alikuwa sahihi kwenye karatasi kuliko barabarani. Sherifu wa Virginia anachaguliwa na wananchi, na cheo chake kimo katika Katiba ya jimbo. Baraza la kaunti halimwamuru, na gavana hawezi kumfukuza asubuhi kwa barua. Mwendesha mashtaka wa kaunti naye anachaguliwa. Watu hawa wawili hawahitaji azimio lolote ili sheria ilale. Wanahitaji tu kuwa na kazi nyingine za kufanya.

Na Virginia ilishapita njia hii. Miaka ya 1950, Mahakama Kuu ilipoamuru shule zisitenganishe watoto kwa rangi, wakuu wa jimbo waliandaa upinzani wa makusudi, na kaunti ya Prince Edward ikafunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964 kuliko kuwachanganya. Watoto weusi walikosa darasa miaka mitano. Silinganishi mwenye bunduki ya kuwindia na waliofunga shule zile. Haki moja imo katika Katiba, nyingine ilikuwa dhuluma tupu. Ninachosema ni kwamba dai la kisheria, kwamba mamlaka ya chini inaweza kujisomea Katiba yenyewe ikaamua kutotii, lina historia pale, na Wavirginia weusi waliposikia "hatutatii" ile Jumatatu ya Januari, sikukuu ya Martin Luther King, wengi hawakusikia uhuru.

Sasa ile ramani. Mtandaoni ilisambaa ramani ya Virginia iliyopaka rangi kila kaunti yenye azimio: karibu yote, na madoa machache meupe kule juu na kwenye pwani. Ilionekana kama jimbo zima limeasi. Madoa yale ndiyo yaliyokuwa na watu. Prince William ndiyo mfano mtamu: baraza lililokuwa likimaliza muda wake, la Warepublikan, lilipitisha azimio Desemba, baraza jipya la Wademokrat likalifuta Januari, kikao cha kwanza. Ardhi ile ile, watu wale wale, rangi mbili ndani ya mwezi mmoja.

Kilichopita na kilichokwama

Watu wengi huchoka kufuatilia wanapofika kwenye miswada, na hapa ndipo kisa kinapofunguka. Northam alisaini sheria kadhaa tarehe 10 Aprili 2020. Mnunuzi wa silaha alitakiwa akaguliwe hata akinunua kwa mtu binafsi. Bastola moja tu kwa mwezi, sheria ambayo gavana Douglas Wilder aliiweka 1993 wakati bastola za Virginia zilipokuwa zikikamatwa mitaani New York, na ambayo ilifutwa 2012. Kuripoti silaha iliyoibwa ndani ya saa 48. Ile inayoitwa sheria ya bendera nyekundu. Na ya tano, iliyokamilika baadaye kidogo, ruhusa kwa miji na kaunti kukataza bunduki katika majengo na bustani zao.

Itazame ya kwanza kwa karibu. Zamani mtu wa Wytheville angeweza kumuuzia bastola mtu waliyekutana maegeshoni, wakahesabiana pesa, basi. Kwa sheria ile walitakiwa waende dukani kwa muuzaji mwenye leseni, fomu ijazwe, polisi wa jimbo wakague jina kwenye kompyuta yao. Sherifu hakuhusika popote. Zaidi ya hapo, Seneti ilihakikisha sheria inagusa mauzo, haigusi zawadi wala kuazimana. Babu akimpa mjukuu bunduki ya kulungu, serikali haimo. Pengo hilo halikuachwa kwa bahati mbaya. Ni sauti ya zile kumbi zilizofurika.

Ya bendera nyekundu ni kinyume chake. Inaruhusu mahakama kumwondolea silaha mtu anayeonekana kuwa hatari kwake au kwa wengine, siku 14 kwanza, kisha hadi siku 180. Lakini kama ilivyopitishwa 2020, anayepeleka ombi ni polisi au mwendesha mashtaka, si mke wala mama. Pale ambapo afisa huyo anaichukia sheria, mama anayeogopa mwanawe atajiua hana mlango wa kugonga. Sheria inayowafaa zaidi watu wa vijijini imekabidhiwa mikononi mwa wale walioapa kuigomea.

Na kejeli iko kwenye ile ya tano. Kaunti zilizopiga kelele za mamlaka ya wenyeji zilikuwa na watetezi walioupinga vikali mswada uliowapa wenyeji mamlaka. Wademokrat nao, waliozikumbusha kaunti kwamba hazina madaraka, ndio waliozigawia. Kila upande unapenda serikali za mitaa zinapokubaliana nao.

Kilichokwama ni marufuku ya bunduki za mtindo wa kijeshi, mswada namba HB 961. Baraza la Wajumbe liliipitisha kwa kura 51 dhidi ya 48, ikiwa imelegezwa ili kuwaachia watu bunduki walizokuwa nazo. Tarehe 17 Februari kamati ya sheria ya Seneti ikaiahirisha kwa kura 10 dhidi ya 5 na kuipeleka kuchunguzwa. Wademokrat wanne walipiga kura na Warepublikan: John Edwards wa Roanoke, Creigh Deeds wa kaunti ya Bath, na Chap Petersen na Scott Surovell wa upande wa Fairfax. Hao wawili wa mwisho wananivurugia hoja ya jiografia, na sitawaficha. Hoja yao waliyoieleza ilikuwa kwamba tafsiri ya silaha zenyewe haikukaa sawa. Inawezekana. Lakini chama chenye wingi wa viti viwili kinajua kwamba kiti kinachofuata kitatafutwa mahali fulani, na hapo mahali hapakuwa Arlington.

Wiki chache kabla, tarehe 28 Januari, gavana wa West Virginia Jim Justice alikuwa amesimama na Jerry Falwell Jr. wa Chuo Kikuu cha Liberty akizikaribisha kaunti za Virginia zihame zijiunge na jimbo lake, lile lililojitenga na Virginia wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hakuna iliyohama. Ilikuwa mchezo, ila mchezo wenye kumbukumbu.

Baada ya hapo pendulumu iliendelea. Mrepublikan Glenn Youngkin alishinda ugavana 2021, Mdemokrat Abigail Spanberger akashinda 2025. Mimi namfuatilia zaidi Deeds. Mwaka 2005 alipowania uanasheria mkuu, NRA ilimuunga mkono. Mwaka 2020 alikuwa bado mtu wa Bath, eneo lake la uchaguzi likianzia Charlottesville, mji wa chuo kikuu, hadi kwenye milima ya Highland. Mwishoni mwa 2021 mipaka ya uchaguzi ilichorwa upya. Milima ikakatwa, Charlottesville ikabaki, na Deeds akahamia huko. Mwaka 2024 mswada wa kupiga marufuku bunduki za mtindo wa kijeshi ulirudi Seneti ukiwa na namba SB 2. Aliyeuwasilisha alikuwa Creigh Deeds. Ulipita mabaraza yote mawili, na tarehe 26 Machi Youngkin akaupigia kura ya turufu.